Toazi halichomelewi

Ufa wenyewe ulikuwa mfupi, urefu wa kidole gumba. Ulianzia ukingoni, ukaingia ndani kidogo, kisha ukakata kona na kufuata mfereji mmoja wa mkerezo kama maji yanavyofuata mtaro. Toazi la inchi 16, mali ya kwaya, limefungwa kwenye kanga kuukuu.

"Shikamoo, fundi. Na hili linachomeleka?"

"Marahaba, mwanangu. Si shaba hii? Lete."

Alilichomelea kwa gesi, na mkono wake ni mzuri. Mshono ukatoka mwembamba, akaupitishia msasa, ukalainika. Kijana akaliinua toazi kwa kidole kimoja, akaligonga kwa mpini wa bisibisi. Likalia kama mfuniko wa sufuria. Pigo la nne likapasuka tena, na si penye mshono. Lilipasuka sentimita 2 pembeni, mahali ambapo moto ulipita tu.

Fundi akaligeuza, akaligeuza tena. "Hii si shaba," akahitimisha.

Ni shaba. Katika kila kilo ya chombo kile, gramu 800 hivi ni shaba tupu.

Lakini kilichonikaa kichwani wiki zote hizi ni muhuri wake kuliko ufa. Juu ya uso wa toazi kuna mwandiko wa hati ya Kiarabu, jina Avedis Zildjian, na Kiingereza kinachotangaza kwamba hili ni toazi halisi la Kituruki lililotengenezwa Marekani. Kituruki halisi, kutoka Marekani, la familia ya Kiarmenia. Na familia hiyo inahesabu umri wa kazi yake kuanzia mwaka 1623.

Nilianza na swali la fundi, nikajikuta nimezama kwenye swali la mirathi.

Gramu 200 za bati

Tuelewane kwanza kuhusu bati. Sisemi lile la kuezekea. Lile ni chuma kilichopakwa zinki, jina tumelipa sisi. Bati lenyewe ni metali laini, nyeupe, inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Shaba inataka nyuzi 1,085. Changanya sehemu 80 za shaba na 20 za bati, upate bronzi ambayo wapiga dramu huiita B20. Kina Zildjian huongeza na chembe ya fedha.

Shaba ndiyo hutangulia kwenye chungu cha kuyeyushia. Ikishakuwa uji ndipo bati linatumbukizwa, kwa sababu bati likikaa motoni peke yake likisubiri shaba, sehemu yake huungua ikawa unga mweupe unaoelea juu. Ukiukwangua unga huo na kuutupa, hesabu yako ya asilimia 20 imeshapungua bila wewe kujua.

Bronzi yenye bati kidogo, asilimia 8 tuseme, ni pole. Unaikata kutoka kwenye shiti, unaikandamiza baridi, inavumilia. Matoazi mengi ya bei ya chini ni hayo, au ni brasi kabisa, shaba iliyotiwa zinki. Lakini bati likifika asilimia 20, tabia inabadilika. Ikiachwa ipoe polepole, ndani yake huota chembe ngumu zenye bati jingi, na chembe hizo ni kama kioo. Idondoshe sakafuni, inakatika. Ipige nyundo, inapasuka.

Na mvumo mrefu unaoutaka unatoka humohumo kwenye ubaya huo. Metali laini hunyonya mtikisiko. Hii huurudisha.

Kwa hiyo mtu wa kwanza aliyetaka kuifua B20 ikawa nyembamba kama ganda la yai alikuwa na tatizo kubwa, na njia ya kulitatua ni nyembamba mno. Kuanzia nyuzi 600 hivi kwenda juu chembe za kioo hutoweka, bronzi ikakubali nyundo na rola. Ikikaribia 800, sehemu zenye bati jingi huanza kuyeyuka kwa ndani, na kipande hubomoka kwenye rola kama biskuti iliyolowa chai. Karne ya 17 hapakuwa na kipimajoto cha tanuri. Palikuwa na macho. Rangi ya damu ya mzee: ingiza kazini. Ikianza kuelekea rangi ya chungwa: umeshaiharibu.

Halafu kuna maji. Mhunzi wa chuma ukimpa kazi hii atakosea hapohapo. Chuma cha pua ukikizamisha majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika. B20 hufanya kinyume. Ukiizamisha ikiwa nyekundu, zile chembe za kioo zinakosa muda wa kuota, na metali inatoka majini ikiwa na ustahimilivu. Ukiiacha ipoe yenyewe juu ya meza, umetengeneza kigae.

Ndicho kilichompata fundi wetu wa gereji. Moto wa gesi ulipita pembeni ya mshono, ukapandisha joto, kisha hewa ikapoza polepole. Ukanda wa sentimita 2 ukarudi kuwa kioo. Mshono wake haukuwa na kosa lolote.

Hatua ambazo haziandikiki

Kutoka hapo kazi ni ndefu. Uji wa bronzi humiminwa kwenye kalibu, utoke mkate mnene wa duara. Mkate unaingia tanuri, unapita kwenye rola, unarudi tanuri, unapita tena, mara kumi na kitu. Kila mara unageuzwa upande, kwa sababu ukiupitisha njia moja tu unatoka umbo la yai, na nyuzinyuzi za metali zinalala upande mmoja. Toazi la namna hiyo hupasuka kwa kufuata ulalo huo. Na kadiri kipande kinavyokuwa chembamba ndivyo kinavyopoa haraka, kwa hiyo pasi za mwisho ndizo za hatari: sekunde chache za uzembe kati ya mlango wa tanuri na rola, na kazi yote ya asubuhi inarudi kwenye chungu.

Kikombe cha katikati hukandamizwa kikiwa cha moto. Linafuata tanuri la mwisho, kisha maji. Baada ya hapo toazi hutobolewa na kupigwa nyundo likiwa baridi, kwa mizunguko, ili lipate mgongo. Fundi akirudia mahali pamoja mno, uso hulegea na kubonyea ndani-nje kama kifuniko cha debe. Akiacha upande mmoja na pigo chache, litalia sauti mbili zinazogombana.

Mwisho ni kukereza. Toazi linazungushwa kwenye mashine, fundi anaegemeza patasi yenye mpini mrefu kwapani na kuondoa lile gamba jeusi la moto, ndani na nje. Mifereji myembamba unayoiona ni alama za patasi hiyo. Hapo ndipo uzito unapoamuliwa, na kosa halirudishwi: unaweza kuondoa gramu, huwezi kuzirudisha. Joto la kukereza nalo huvuruga mvutano wa ndani ya metali, kwa hiyo toazi huwekwa rafuni lipumzike kabla ya kujaribiwa.

Nimeorodhesha hatua zote. Hakuna msomaji atakayetengeneza toazi kwa kusoma hizi.

Nililiona hilo nikasita. Kama hatua zinajulikana, siri wanayoizungumzia kila siku iko wapi?

Mfua matoazi wa Samatya

Masimulizi ya familia yanaanza na Avedis, Mwarmenia wa Konstantinopoli, Istanbul ya leo, aliyekuwa akitafuta namna ya kugeuza metali duni kuwa dhahabu. Dhahabu hakuipata. Mwaka 1618 akapata mchanganyiko wa shaba, bati na fedha uliolia kuliko kitu chochote alichowahi kukigonga. Jumba la Sultani likamchukua afue matoazi ya bendi za kijeshi za Wajanisari, askari wa Sultani, likampa na jina. *Zil* kwa Kituruki ni toazi, *ci* ni mfanya kazi hiyo, na *ian* ndiyo mkia wa Kiarmenia wa "mwana wa". Mwaka 1623 akaruhusiwa kutoka jumbani na kufungua karakana yake katika mtaa wa Samatya.

Mimi nauamini mwaka kuliko uvumbuzi. Java na China walikuwa wakifua gongo za bronzi yenye bati jingi zamani sana kabla ya Avedis kuzaliwa, na wao pia walijua maji na moto. Sisi wenyewe tulikuwa na upatu, sahani ya shaba ya kugonga, kabla jina halijahamia kwenye mchezo wa kuchangishana fedha. Alichokuwa nacho Avedis, nadhani, ni wembamba: bronzi ileile, ikafuliwa hadi ikaacha kulia kama kengele na kuanza kuchemka kama mvua juu ya paa.

Matoazi hayo yalifika kwetu kwa njia ya mzunguko. Karne ya 18 majeshi ya Ulaya yaliiga bendi za Wajanisari, matoazi na ngoma kubwa na vyote. Baadaye bendi hizo zikaletwa pwani yetu na wakoloni, na watu wa mijini wakaziiga kwa namna yao: ngoma ya beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, gwaride la vijana waliokuwa wakicheza uaskari bila bunduki.

Kanuni ya mtoto wa kiume

Kanuni inavyosimuliwa ni rahisi. Mchanganyiko unajulikana na mkuu wa nyumba peke yake. Akizeeka, anamfundisha mtoto wa kiume mkubwa. Wengine wote wanafanya kazi bila kujua kilichomo chunguni.

Niliamini kanuni hiyo mpaka nilipoanza kuhesabu.

Avedis wa Pili ndiye aliyejenga jahazi dogo la futi 25 na kupeleka matoazi Ulaya, hadi kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851. Alipofariki mwaka 1865, watoto wake wa kiume walikuwa wadogo. Kazi ikaenda kwa mdogo wake, Kerope. Herufi K unayoiona kwenye matoazi ya bei kali ni ya huyo, mtu ambaye kwa kanuni hakupaswa kurithi.

Baada ya Kerope usukani ukamrudia Aram, mmoja wa wale watoto waliokuwa wadogo. Siasa za Waarmenia chini ya Sultani zikamfikia, akakimbilia Bucharest na kufungua karakana ya pili huko. Nani alisimamia ya Konstantinopoli? Victoria, binti Kerope. Mwanamke, kwenye karakana ambayo kanuni yake haikutaka hata mwanamke ajue.

Kwa hiyo mdogo wa marehemu, kisha binti. Katika kipindi ambacho kina kumbukumbu nzuri, kanuni inavunjwa kuliko inavyofuatwa.

Barua kwa mtengeneza peremende

Mwaka 1927 Aram, mzee sasa na hana mrithi, anamwandikia barua mwana wa kaka yake aliyeko Boston. Zamu yako imefika, rudi uchukue kazi.

Mpwa huyo, Avedis wa Tatu, alikuwa ameondoka Uturuki akiwa kijana, karibu na mwaka 1909. Ana mke, ana watoto, ana kiwanda cha peremende kinachokwenda vizuri. Matoazi alikuwa ameyaacha nyuma pamoja na mengine ambayo Mwarmenia wa kizazi chake alikuwa na sababu ya kuyaacha nyuma.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pengine pote. Angekataa, hakuna ambaye angemlaumu. Akakubali nusu: siji huko, wewe njoo huku. Aram akavuka bahari, na wao wawili pamoja na Puzant, ndugu wa Avedis, wakawasha tanuri Quincy, Massachusetts. Kampuni ikasimama mwaka 1929, miezi michache kabla soko la hisa la New York halijaporomoka.

Mtu wa peremende si chaguo baya kama linavyosikika. Sukari nayo hupimwa kwa moto na rangi. Nyuzi chache zaidi na umeunguza sufuria nzima. Hilo ni wazo langu tu, lakini silitupi.

Alichokifanya Avedis kikubwa zaidi ni kutoka karakanani. Alikwenda kukaa na wapiga dramu wa jazi, akasikiliza wanachokosa. Gene Krupa, mmoja wao, alimwambia anataka matoazi membamba zaidi. Yale mazito ya gwaride yalikuwa ya kugonganishwa mawili kwa mikono miwili, mara moja kwa hatua kadhaa. Mpiga dramu wa jazi anagonga moja kwa kijiti, mara mia kwa dakika. Avedis akakereza zaidi. Kutokana na mazungumzo kama hayo yakatoka majina ambayo leo kila kijana wa bendi anayataja: raidi, kreshi, haihati.

Hebu ona. Asilimia 80 kwa 20 ileile, siri ileile chunguni, na bidhaa imekuwa nyingine kabisa, kwa sababu patasi ilikaa dakika chache zaidi.

Ndugu wawili

Avedis wa Tatu naye alivunja kanuni, safari hii kwa upendo. Aliwafundisha wanawe wote wawili, Armand na Robert.

Armand akawa rais wa kampuni mwaka 1977. Robert alikuwa amejenga upande wa mauzo na kusimamia kiwanda cha Meductic, kijiji kidogo cha New Brunswick, Kanada. Baba yao akafariki mwaka 1979. Waliogombea urithi si lazima wawe wabaya. Wengi tumeona nyumba nzuri zikigawanyika kwa kiwanja kimoja. Hawa waligawanyika kwa siri ambayo haigawanyiki. Mwaka 1981 Robert akatoka na kiwanda cha Kanada, bila ruhusa ya kulitumia jina la ukoo wake kwenye matoazi yake. Akachukua herufi mbili za mwanzo za majina ya watoto wake watatu, Sally, Billy na Andy, akaandika Sabian.

Mpiga dramu anayebishania Zildjian na Sabian leo anabishania meza moja ya chakula cha jioni.

Na Armand? Yeye aliwafundisha mabinti zake. Binti yake Craigie akaingia kampuni katikati ya miaka ya 1970, akafundishwa, dada yake Debbie naye akafundishwa. Mwaka 1999 Craigie akawa mkurugenzi mtendaji. Kampuni hulieleza hilo kama jambo jipya katika karne nne. Namkumbuka Victoria, nasoma sentensi hiyo mara mbili.

Waliobaki Istanbul

Lakini jibu la swali langu sikulipata kwa kina Zildjian wenyewe. Nililipata kwa vibarua wao wa zamani.

Karakana ya Istanbul iliendelea kufua K kwa mikono baada ya Aram kuondoka. Mkuu wake wa mwisho alikuwa Mikael Zilcan, wa uzao wa Kerope, jina likiwa limeshapoteza mkia wake wa Kiarmenia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ikafungwa. Humo ndani kulikuwa na mafundi walioingia wakiwa watoto wa kuokota vyuma, wakakua wakishika koleo, kisha nyundo, kisha patasi. Wawili kati yao, Agop Tomurcuk na Mehmet Tamdeğer, wakafungua karakana yao mwanzoni mwa miaka ya 1980. Damu ya Zildjian hawakuwa nayo. Matoazi yao yakalia. Agop alipofariki mwaka 1996, kazi ikagawanyika mara mbili, Istanbul Agop na Istanbul Mehmet, na zote mbili zipo.

Watu hawa hawakuhitaji karatasi ya mchanganyiko. Maabara yoyote leo itakuambia kilichomo kwenye toazi kwa dakika chache, na wao walikuwa na macho tayari. Walichokibeba ni rangi ya damu ya mzee, na uzito wa patasi kwapani.

Kwa hiyo nimefika hapa, na unaweza kunipinga: mchanganyiko wa chunguni ulikuwa uzio wa mirathi. Ulimwonyesha kila mtu nani ni mwenye nyumba. Kazi yenyewe ilikuwa imelala wazi mchana kweupe, mbele ya kila kibarua, kwa sababu haiwezi kufichwa kwa mtu ambaye unamhitaji aifanye.

Kuhusu ule ufa

Toazi la B20 lililopasuka halichomelewi, haliunganishwi kwa risasi, wala kwa gundi ya chuma. Unalikata.

Tafuta kwanza mwisho halisi wa ufa, maana jicho huuona mfupi kuliko ulivyo. Paka mafuta ya taa, subiri dakika chache, futa pakauke, kisha pakaza unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuuchora. Kama ufa ni mfupi, toboa tundu la milimita 4 au 5 mwishoni kabisa, drili iende polepole, ubao ukiwa chini, na tone la mafuta. Tundu la duara husambaza mvutano uliokuwa umekusanyika kwenye ncha. Ufa ukiwa umeshakata kona na kufuata mfereji, tundu moja halitoshi. Ondoa kipande kizima kwa umbo la nusu mwezi, kisha piga tupa ukingo mpaka kidole kisihisi kona.

Na usirudi kulikaza. Matoazi mengi ya makanisani yanakufa kwa skrubu ya juu iliyobanwa mpaka mwisho, bila soksi ya plastiki wala kipande cha sufu. Toazi lazima liyumbe. Likizuiwa, nguvu ya kijiti inakosa pa kwenda. Kama soksi imepotea, kipande cha mpira wa kutolea petroli kinatosha. Na kijiti kipite kwa kuteleza, kisishuke wima juu ya ukingo.

Lile la kwaya lilihitaji nusu mwezi ya sentimita 5, pamoja na mshono na ukanda wote uliopikwa na moto. Fundi alianza kwa kutoboa pembe mbili. Chenga zilizotoka hazikujikunja kama za shaba. Zilikuwa fupi, kavu, kama mchanga. Alizikusanya kiganjani, akazisugua kwa kidole, akamwita kijana.

"Sasa nimeiona," akasema. "Shika hapa, usitikisike."